Barua ya Wazi: Outspan na Treetops Zina Historia Kuliko Wageni Waliolala Humo

Kwa Waziri anayesimamia utamaduni na turathi. Kwa uongozi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa Serikali ya Kaunti ya Nyeri. Na kwa wenye hoteli,

Waheshimiwa, salamu kutoka Nyeri.

Ukiuliza historia ya Hoteli ya Outspan, majina yanayotangulia ni yale yale matatu. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi hapa miaka yake ya mwisho. Jim Corbett, mwindaji wa simba marara na chui wala watu kule India, alikuja kuishi katika nyumba ile ile. Na Elizabeth alipanda Treetops, hoteli dada iliyo msituni, akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Yote hayo yalitokea, na sina haja ya kuyafuta hata moja. Ninachowaandikia ni kwamba tumetunza habari za wageni, tukazipa jina la historia ya hoteli, tukaridhika.

Hoteli haiendeshwi na wageni. Mgeni huja jioni akaondoka asubuhi. Anayebaki ni yule aliyeamka saa kumi usiku kuchochea moto ili maji ya kuoga yawe tayari, aliyechemsha shuka, aliyepasua kuni, aliyebeba sanduku begani, na aliyesimama nyuma ya kiti na sinia mkononi akisikia kila lililosemwa mezani huku akidhaniwa hasikii. Watu hao walifanya kazi Outspan tangu 1928. Katika simulizi tunayowauzia watalii hawana hata jina moja.

Nianze na yale yanayojulikana, maana yenyewe ni matamu na hayapaswi kuachwa.

Aliyejenga Outspan ni Mwingereza aitwaye Eric Sherbrooke Walker, pamoja na mkewe, Lady Bettie Feilding, binti wa lodi. Walker alikuwa amewahi kuwa katibu wa Baden-Powell siku za mwanzo za skauti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa rubani, akatekwa na Wajerumani. Baadaye, Marekani ilipopiga marufuku pombe, yeye akaingia katika magendo ya kuivusha kwa meli, akaandika hata kitabu kuhusu kazi hiyo kwa jina la kupanga. Ndipo akaja Kenya mwaka 1926 na kuwa mwenye hoteli mwenye heshima zake. Sijui mwandishi gani wa riwaya angethubutu kumbuni mtu kama huyo. Cha kushangaza ni kwamba habari zake za magendo twazisimulia kwa tabasamu, kana kwamba ni utundu wa kijana, ilhali kijana wa Nyeri aliyeonekana barabarani bila kipande miaka hiyo hiyo alitiwa ndani.

Na kipande hakikuwa mzaha. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hukuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Ndio utaratibu uliowafikisha vijana jikoni na kwenye vyumba vya kufulia katika hoteli za walowezi. Ongeza kodi ambayo serikali ya kikoloni ilitoza kila nyumba ya Mwafrika, ambayo ililipwa kwa fedha taslimu na si kwa mbuzi, utaelewa kwa nini kazi ya boi ilikuwa na wa kuiomba. Neno hilo "boi" waliitwa hata wazee wenye wajukuu.

Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, alianzisha ngome hapa mwishoni mwa 1902 baada ya kuwashambulia wenyeji, na mji ukakua kuizunguka. Hoteli ya kwanza ya walowezi ilikuwa White Rhino, iliyosimamishwa takriban 1910 na akina Berkeley Cole na Lord Cranworth. Outspan ilikuja baadaye, ikapewa mahali pazuri zaidi: juu ya bonde la mto Chania, Mlima Kenya ukiwa mbele upande mmoja na safu za Nyandarua nyuma. Vyumba vilijengwa na meko ya kuni, kwa sababu mwezi wa Julai Nyeri baridi haina adabu. Meko nzuri. Lakini meko haijiwashi.

Mwaka 1932 Lady Bettie alitaka nyumba ya mtini kama ile ya hadithi za watoto wa Uingereza, na mumewe akamjengea vyumba viwili juu ya mugumo, ndani ya msitu, mbele ya kidimbwi ambako wanyama hufuata maji na chumvi. Mugumo, waheshimiwa. Wasomaji wangu wa Nyeri hawahitaji kuelezwa mti huo ni nini kwa Wakikuyu, na kwamba chini yake ndiko wazee walikosimama kuomba wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Simulizi ya hoteli inautaja kama mti uliokuwa na matawi imara tu. Ningetarajia kibao kimoja, hata kidogo, kinachosema mti huo ulikuwa wa nani na wa nini kabla haujapandishwa ngazi.

Safari ya kwenda Treetops ilikuwa na taratibu zake. Wageni waliandaliwa Outspan, wakapelekwa kwa gari hadi mwisho wa barabara, kisha wakaenda kwa miguu kimyakimya wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki. Kando ya njia palikuwa na ngazi zilizoegemezwa mitini, ili tembo au nyati akitokea kila mtu apande ya karibu. Mgeni alipanda mikono mitupu. Chakula, blanketi, taa na maji vilifika juu kwa mikono ya watu waliopita njia ile ile yenye nyati ile ile, na nina hakika si kila aliyebeba kikapu cha mayai alikuwa na mwenye bunduki wa kumtangulia.

Tufike sasa Februari 1952. Nyumba ilikuwa imepanuliwa kwa ajili ya ugeni huo. Tarehe 5 alasiri Elizabeth na mumewe walipokaribia, kulikuwa na tembo wengi kidimbwini, na juu ya paa ilikuwa inapepea foronya nyeupe. Ndiyo iliyokuwa ishara ya hatari. Foronya hiyo imetajwa tena na tena na walioandika habari za siku ile. Tunajua rangi yake. Tunajua tembo walikuwa umbali mdogo kutoka kwenye ngazi. Aliyeifua na kuipiga pasi hatajwi popote katika simulizi tunayopewa. Nimeipenda sana foronya hiyo, kwa sababu inaonyesha vizuri kabisa jinsi historia hii ilivyoandikwa: kitambaa kimepata nafasi, mtu amekosa.

Usiku huo wa kuamkia tarehe 6 Mfalme George wa Sita akafariki usingizini huko Uingereza. Tusisahau, kwa sababu waongozaji watalii wengi husahau, kwamba Elizabeth hakuambiwa habari hizo akiwa mtini. Aliambiwa baadaye siku hiyo akiwa Sagana Lodge, nyumba aliyopewa na koloni kama zawadi ya arusi, ambayo leo ni ikulu ndogo ya Sagana katika kaunti hii hii. Mtu anayelipa fedha zake kuja kusikia historia anastahili kuambiwa sawasawa.

Anastahili pia kuambiwa kwamba Treetops anayoiona siyo ile. Ile ya 1952 iliteketezwa tarehe 27 Mei 1954 na wapiganaji wa Mau Mau. Iliyopo ilijengwa 1957, upande wa pili wa kidimbwi, kubwa kuliko ya kwanza mara nyingi. Hapa ndipo simulizi rasmi inapopata kigugumizi. Moto wa 1954 hutajwa kwa sentensi moja, kama vile radi ilipiga, halafu tunarudi kwa tembo.

Naomba tukae kidogo kwenye sentensi hiyo.

Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya usiku ule wa kifalme. Msitu wa Nyandarua, ambao sehemu yake ilikuwa imefanywa mbuga ya taifa 1950, ukawa makao ya wapiganaji na uwanja wa mabomu ya ndege za Uingereza. Inaelezwa kwamba askari wa King's African Rifles walikuwa wakiitumia Treetops kama kituo cha kuchungulia msitu kabla haijachomwa. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni 1 wa nyanda hizi waliondolewa makwao na kusukumwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, na kando ya msitu wenyewe likachimbwa handaki refu kwa kazi ya lazima, waliochimba wengi wao wakiwa wanawake. Dedan Kimathi, aliyezaliwa Nyeri na kuongoza vita kutoka msitu huo, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwake, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka ule ule ambao mitaro ya vijiji hivyo ilikuwa bado wazi, Treetops mpya ikafunguliwa na wageni wakarudi kutazama faru.

Fikirini mfanyakazi wa hoteli katika miaka hiyo. Mchana anawahudumia maafisa waliokuja kupumzika kutoka operesheni. Jioni anarudi kijijini kupitia lango lenye mlinzi, kabla ya kafyu. Ndugu yake huenda yuko msituni. Ndugu mwingine huenda ni askari jamii wa serikali. Ana kibali cha kutembea, na kibali hicho kinamfanya ashukiwe na pande zote mbili. Je, alikula kiapo cha Mau Mau? Alipeleka habari? Alipeleka unga? Haya si maswali ya kumshtaki mtu leo. Ni historia yenyewe ya hoteli, na ni nzito kuliko orodha ya watu mashuhuri waliolala chumba fulani. Imebaki vichwani mwa wazee wachache sana, maana kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1954 sasa amepita miaka 85.

Hakuna jipya katika kusema hoteli za kikoloni zilikuwa ndani ya siasa. Norfolk ya Nairobi inajulikana kwa hilo. Machi 1922, umati ulipokusanyika kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyekuwa amekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akauongoza mbele, polisi wakafyatua risasi, na wapo wanaosimulia kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga. Kila mwanafunzi wa Kenya husoma habari hizo. Kwa nini basi veranda za Nyeri ziwe za chai tu?

Msinielewe vibaya kuhusu wazungu waliozikwa hapa. Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941 katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, aliyojengewa 1938 kwenye uwanja wa Outspan. Kaburi lake liko mjini, lina alama ya duara yenye nukta katikati, ambayo kwa skauti humaanisha "nimekwenda nyumbani". Maskauti hutoka pande zote za dunia kulizuru, kisha huingia Paxtu na kuacha skafu zao. Corbett, aliyeishi Paxtu na dada yake kuanzia 1947 hadi kufa kwake 1955, amezikwa makaburi hayo hayo. Kaburi la Baden-Powell serikali yetu imelitangaza kuwa mnara wa kitaifa, na hiyo ni sawa; linaleta wageni na wageni wanaleta kipato. Lakini linathibitisha hoja yangu: tunapoamua kutunza kitu tunaweza. Sheria ipo, fedha hupatikana, kibao husimikwa.

Kuna jambo jingine la Outspan ambalo lingekuwa kwenye lango kama tungekuwa na akili ya biashara, achilia mbali ya historia. Tarehe 8 Oktoba 2004 Wangari Maathai alikuwa njiani kuelekea Nyeri alipopigiwa simu kuambiwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mzaliwa wa Ihithe, Tetu, mwendo mfupi kutoka hapa. Alifika Outspan, na badala ya hotuba akaomba mche na jembe. Akapiga magoti, akachimbua udongo kwa mikono, akapanda Nandi Flame mbele ya waandishi wa habari, uso ukiutazama Mlima Kenya. Binti wa wakulima wa Tetu, katika uwanja ambao kizazi cha wazazi wake kingeingilia mlango wa nyuma! Kama kuna dakika moja ambapo hoteli hiyo iliacha kuwa ya walowezi, ni hiyo. Na bado mgeni anayetafuta habari za Outspan hukutana na malkia mara kumi kabla hajakutana na Wangari mara moja.

Sasa nije kwa kila mmoja wenu.

Mheshimiwa Waziri, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakupa uwezo, ukishauriana na Makumbusho, wa kutangaza jengo lenye umuhimu wa kihistoria kuwa mnara unaolindwa. Tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali na wenye pingamizi hupewa miezi miwili kulileta. Kwamba jengo ni mali ya mtu binafsi hakukuzuii. Naomba majengo ya kwanza ya Outspan pamoja na Paxtu yachunguzwe kwa ajili ya ulinzi kamili, na uchunguzi huo usiishie kwenye sebule na veranda. Majiko ya zamani, mabanda ya kuchemshia maji, vyumba vya kufulia na nyumba za wafanyakazi ndivyo hubomolewa kwanza katika kila hoteli kongwe, kwa sababu havina sura ya kupigia picha. Orodha yoyote itakayoviacha nje itakuwa imerudia kosa la miaka 90.

Serikali ya Kaunti, tafadhali msitupe mpira kwa Nairobi. Ni kweli Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali kuu minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini jedwali hilo hilo limewapa ninyi shughuli za kitamaduni, zikiwamo makumbusho na maktaba za kaunti. Kurekodi wazee hakuhitaji tangazo la gazeti rasmi. Kunahitaji kinasa sauti, kijana anayejua Kikuyu cha ndani, gari, na posho ya chakula cha mchana. Pesa hizo huisha katika warsha moja ya hotelini. Anzeni na waliowahi kuwa wapishi, madobi, wahudumu wa vyumba, madereva na waongozaji wa msituni, wa Outspan, Treetops na White Rhino, na wajane wao pia, kwa sababu mke wa mpishi anajua saa ambazo mumewe alitoka na kurudi, na anajua mshahara ulifika nyumbani kiasi gani. Waulizeni mambo madogo. Nani alimfundisha kupika keki ya Krismasi? Makombo yalikwenda wapi? Waliruhusiwa kupita mlango gani, na tangu lini wakaruhusiwa mwingine? Mwafrika wa kwanza kuketi kulipia chakula katika ukumbi ule alikuwa nani, na waliomhudumia walijisikiaje?

Makumbusho ya Kitaifa, mna tayari jengo la Ruring'u, lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni. Hapo ndipo mahali pa kuweka rekodi hizo zikaweza kusikilizwa na mwanafunzi yeyote bila kulipa bei ya chumba cha hoteli. Na mnaposimika vibao kule hotelini, viandikeni kwa Kiswahili na Kikuyu pia. Mjukuu wa aliyejenga ukuta asilazimike kutafsiriwa ukuta huo.

Wenye hoteli, najua biashara imekuwa ngumu. Korona ilifunga milango ya Treetops yenyewe, na paa la mbao halisubiri soko lichangamke. Siwatwiki mzigo wa dhambi za watu waliokufa zamani. Naomba jambo ambalo ni ninyi tu mnaoweza kulitoa: popote yalipo madaftari ya zamani, ya wageni na hasa ya mishahara, picha za wafanyakazi zilizopigwa siku za sherehe, barua za kuajiri na kuachisha kazi, ruhusuni zipigwe nakala na nakala ziende Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Asili zibaki kwenu. Daftari la mishahara la mwaka 1950 lina majina, na majina ndiyo tunayotafuta. Kibiashara pia mtafaidi, maana mtalii wa siku hizi amekwisha kusikia habari za malkia kwenye televisheni. Malkia alipofariki Septemba 2022 dunia nzima ilirudiwa na kisa cha mti. Kisa cha pili, cha waliokuwa chini ya mti, hakijasimuliwa na yeyote.

Najua kuna watakaosema tunachokonoa vidonda. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikubali mwaka 2013 kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya hali ya hatari pauni milioni 19.9, na Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza masikitiko yake hadharani juu ya ukatili uliofanywa. Ikiwa waliotenda wameanza kuzungumza, sisi tuliotendewa tunamwonea nani haya, tena ndani ya mji wetu?

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi, likitaja afisa atakayeshughulikia suala hili na tarehe ya kuanza kurekodi wazee. Tulio tayari kujitolea kuwafikia vijijini Tetu, Mathira, Othaya, Mukurwe-ini na Kieni tupo, na wengine wetu tunajua nyumba za kuanzia.

Wenu,
Mkazi wa Nyeri